Mwaka Nilioacha Mlango Wazi

Ukipigwa kichwani ukaamka, watu watakwambia umepona. Wajibu asante, lakini usiwaamini upesi. Mie niliambiwa nimepona siku niliyotoka wodini kwa miguu yangu mwenyewe, bandeji imezungushwa kichwani kama kilemba, mume wangu amenishika kiwiko. Ugonjwa wenyewe ulikuwa bado haujaanza.

Naandika kwa ajili ya yule aliyekaa leo kwenye benchi la kliniki, hajui kwa nini anatamani kumng'ata mtu anayempenda. Naandika pia kwa wale wanaoishi naye nyumba moja, maana wao ndio wanaopigwa.

Tulikuwa tumepanga Temeke, nyumba ya vyumba sita, vitatu huku vitatu huku, ukumbi katikati, mlango wa mbele ukitazama barabara na wa nyuma ukitokea uani. Mwenye nyumba alikuwa Bi Salha, mjane wa Kiarabu aliyezaliwa hapohapo mjini. Yeye alikaa chumba cha kwanza kulia. Sie tulikaa cha pili: mie, mume wangu, na binti yetu Rehema aliyekuwa na miaka tisa. Mume wangu ni Mmakonde wa Newala, mchonga vinyago, anachongea kibandani barabara kuu na kurudi jioni na vumbi la mpingo kwenye nyusi. Chumba cha mwisho kushoto alikaa Lukas, kijana wa Masasi, mbeba mizigo wa bandarini, kazi yake ya zamu. Wapangaji wengine walikuwa wa kuja na kuondoka.

Miaka ile ilikuwa ya foleni. Sukari au sabuni ikifika duka la ushirika, mtaa mzima unahamia huko. Nyumba zinabaki tupu mchana kweupe, na wezi walijua hilo kuliko sie. Kwa hiyo Bi Salha aliweka amri: anayetoka wa mwisho afunge mlango wa mbele kwa ufunguo, hata kama kuna aliyebaki ndani, maana mlango wa uani upo.

Siku hiyo, mvua za vuli zimeanza, sabuni ilikuwa imefika. Mie sikwenda. Nilikuwa na sare za shule za kumalizia kushona, na cherehani yangu ilikuwa na kelele, sikusikia mlango ukifunguliwa. Niliinua kichwa kutafuta mkasi nikaona watu wawili wamesimama chumbani kwangu. Mmoja alishika mtaimbo. Ningepiga kelele. Badala yake nilifanya ujinga: niliikumbatia cherehani kwa mikono miwili kama mtoto.

Akanipiga mkononi. Mfupa ukalia kama ukuni mkavu. Sikuachia. Mwenzake akasema, kwa sauti ya mtu aliyechoka na kazi, "Mmalize tuondoke." Mtaimbo ukapanda tena. Nilikuwa namtazama usoni. Alikuwa na kidonda mdomoni, na alifumba macho wakati anapiga. Hicho ndicho kitu cha mwisho nilichokiona kwa siku sita.

Wodini sina mengi ya kusimulia. Nilikuwa na kiu, na kila niliyemwomba maji alikuwa ameshanipa. Walininyoa nywele zote. Kulia, juu ya sikio, palikuwa na shimo ambalo kidole changu kiliingia, na daktari alinikataza kulishika, na kila siku nililishika. Mgonjwa wa kitanda cha pili, mwanamke aliyeungua kwa mafuta ya taa, alikuwa akipiga mayowe kila anapobadilishwa dawa. Lakini nesi mmoja alikuwa na desturi ya kunikata kucha. Hakuna aliyemtuma. Anakuja na wembe wake, anakaa, anakata kidole kimoja kimoja huku ananisimulia wakwe zake walivyo wabaya. Mpaka leo nikikata kucha namkumbuka yeye kuliko dawa zote.

Nilipokuwa bado nimelala huko, nyumbani kulikuwa na kikao. Balozi wa nyumba kumi alikuja, wakakaa ukumbini, swali likawa moja: nani aliacha mlango? Mume wangu ndiye aliyenisimulia. Macho yote yalimwelekea Lukas kwa sababu alitoka mchana ule kwenda zamu.

Lukas akasema, "Nilimwacha Bi Salha ndani. Nilijua atafunga akitoka."

Bi Salha akasema, "Mie? Mie nilishatoka zamani. Nilikuwa wa kumi kwenye foleni ile. Usinisingizie, kijana."

Nani angembishia mtu mzima kama yule, aliyefutwa machozi na mtaa mzima alipofiwa na mumewe? Mume wangu alimkamata Lukas shingo mbele ya balozi, watu wanne wakamwondoa mikono. Toka siku hiyo Lukas aliitwa kwa jina moja tu pale mtaani: yule aliyeacha mlango.

Nikarudi nyumbani. Kwanza nikagundua sinusi harufu. Ugali unaungua, moshi umejaa, mie nimekaa pale pale nachambua mchele. Pili, herufi zilinikimbia. Nilikuwa nimesoma darasa la jioni la watu wazima, nikapewa cheti, nilikuwa nawasomea wenzangu barua zao. Sasa nikitazama ukurasa naona wadudu. Tatu, nilisahau. Sikusahau ya zamani. Nyumba ya bibi yangu kijijini ningekuchorea. Nilisahau ya dakika iliyopita. Nimetia chumvi? Nimeshakula? Nimefunga mlango?

Huo mlango. Mie niliyevunjwa kichwa kwa sababu ya mlango ndiye niliyekuwa nauacha wazi kila siku. Natoka kwenda kununua nyanya, nauacha umekaa wazi mpaka ukutani. Mara tatu kwa wiki, mara nne. Siku moja mbuzi wa jirani aliingia akala mkeka wa Bi Salha. Siku nyingine ilipotea redio ya mpangaji wa chumba cha nne. Alinivamia uani, akanisukuma nikaanguka kwenye jiko la mkaa, na mie nilishika kaa la moto kwa mkono wangu mtupu nikamtupia usoni. Sikuhisi kuungua mpaka jioni. Yeye alihama wiki ile ile.

Hapo ndipo nyumba nzima ilipoanza kutafuta namna ya kunikumbusha. Nitazitaja zote, hata zilizoshindwa, kwa sababu wewe pia utazijaribu.

Bi Salha alinifunga kitambaa chekundu mkononi. Siku mbili kilinisaidia, siku ya tatu nilikitazama nikajiuliza nani kanifunga kitambaa. Lukas aliandika mlangoni kwa mkaa, herufi kubwa kama mtu: FUNGA. Aliandika kwa nia njema, hakujua herufi zimenitoka. Nilisimama mbele ya lile neno nikalia kwa hasira, nikalifuta kwa kanga mpaka ubao ukang'aa. Mume wa wifi yangu, mchinjaji wa ng'ombe kule Vingunguti, alileta kengele ya ng'ombe, ikatundikwa juu ya mlango ili ukiufungua ilie. Wiki ya kwanza nilishtuka kila ilipolia. Wiki ya pili nilikuwa siisikii tena, kama usivyosikia majogoo. Mume wangu akaanza kunigombeza, na hiyo ndiyo njia mbaya kuliko zote. Mtu mwenye ubongo uliochanika ukimgombeza kwa kusahau, hakumbuki zaidi. Anakuwa mkali tu.

Na mie nilikuwa mkali. Sijui niseme vipi ueleweke. Hasira ya kawaida ina mlango wa kuingilia, unaiona inakuja, unaweza kuikimbia. Hii ilikuwa inanikuta nimeshaifanya. Nilimpasua mume wangu mdomo kwa kikombe cha bati. Nilimng'ata bega akiwa amelala, kwa sababu alikuwa anakoroma. Nilipigana na mwanamke nisiyemjua kwenye foleni ya unga mpaka mgambo akatutenganisha kwa fimbo, na kesho yake niliamka na nywele za mtu mwingine zimeshikwa kwenye kucha zangu, sina habari zimetoka wapi.

Halafu kikaja kifafa. Cha kwanza kilinishika palepale barabarani. Niliamka nina damu mdomoni, ulimi umekatika pembeni, watu wamenizunguka kwa mbali kama wanaotazama nyoka. Wifi akasema ni mashetani, nipelekwe kwa mganga. Mume wangu akasema ni mtaimbo. Wakatukanana siku nzima, na mie niliyelala katikati yao sikuulizwa.

Kliniki wakanipa vidonge vyeupe, kopo la mwezi mzima. Kuanzia hapo mwaka wangu nauhesabu kwa makopo. Kila mwisho wa kopo tunakwenda, tunakaa kwenye benchi toka saa moja asubuhi, wagonjwa tumebanana, mtu anaanguka anatikisika, wenzake wanamsogeza viatu visimuumize, kisha wanaendelea kuzungumza bei ya samaki. Benchi lile lilinipa raha. Ndiyo sehemu pekee ambayo hakuna aliyenitazama mara mbili.

Kopo la tatu lilikuwa kiangazi, joto la kupasua mawe. Rehema alirudi shule mchana, akapita mlango wa mbele, akanikuta uani natwanga kisamvu.

"Shikamoo mama," akasema. Kisha akasema, "Mama, umeacha tena mlango."

Ni lile neno *tena*. Mchi ulikuwa tayari uko juu. Haukushuka kwenye kinu. Aliinua mkono kujikinga kichwa na mchi ukaukuta mkono. Nilisikia mlio ule ule niliousikia siku ya cherehani, mlio wa ukuni. Ningeishia hapo ningekuwa na la kujitetea. Nilimpiga tena. Mgongoni, ameshaanguka, anasema, "Mama ni mie, mama ni mie."

Bi Salha alinirukia kwa nyuma, mwanamke wa miaka sitini na kitu, akaning'ang'ania shingo mpaka mume wangu alipoitwa kutoka kibandani. Alifika anakimbia, akaniangusha chini akanikalia, akanifunga mikono kwa kanga yangu mwenyewe kwenye mguu wa kitanda. Sikumlaumu. Jioni, hasira imekwisha, nikamuuliza, "Rehema yuko wapi? Mbona hajala?" Akaniambia nilichokifanya. Nikabisha. Nilibisha mpaka aliponionyesha damu kwenye mchi.

Rehema alipelekwa kwa shangazi yake Vingunguti, mkono umefungwa plasta. Nilikatazwa kwenda kumwona. Mume wangu alikuwa anakwenda kila Ijumaa, akirudi hasemi kitu. Mara moja tu alisema, "Anauliza kama kichwa chako bado kinauma." Nilitoka uani nikajipiga kichwa kwenye ukuta wa choo mpaka Lukas akaja kuweka kiganja chake katikati ya kichwa na ukuta. Hakunishika. Aliweka kiganja tu, na mie nilikipiga kichwa kwenye kiganja chake mara kadhaa, vifundo vyake vikachubuka, mpaka nikachoka.

"Mama Rehema," akasema, "nitautengeneza huu mlango ujifunge wenyewe."

Bado nilikuwa naamini ndiye aliyeuacha siku ile.

Masika yakaingia. Kopo la tano. Daktari alikuwa ameongeza vidonge, na nikivimeza asubuhi nalala mpaka adhuhuri kama gogo. Siku hiyo mvua ilikuwa imekatika, jua limetoka kali. Unga ulikuwa umefika dukani na foleni ilikuwa ndefu mpaka imepita mbele ya nyumba yetu. Watu walikuwa wamechoka kusimama, wameweka mawe na vipande vya tofali kushika nafasi zao, wenyewe wamekaa kivulini.

Nilikurupuka usingizini. Kulikuwa na mlio wa chuma. Kwa! Kwa! Nikatoka ukumbini. Mlango wa mbele ulikuwa wazi, mwanga wote wa nje umeingia, na kwenye mwanga huo, juu ya kigoda, alisimama mwanamume ameshika nondo.

Sikuwa na wazo la pili. Mchi ulikuwa umeegemezwa ukutani. Nilimpiga nyuma ya magoti, akaanguka, kigoda kikaruka. Nikapiga yowe ambalo sikupiga siku ya cherehani:

"Mwizi! Mwizi jamani! Mwizi!"

Foleni nzima ikasimama. Wa mtaani kwetu wangemjua, lakini foleni ile ilikuwa na watu kutoka kila pembe, na yeye alishaangukia uso. Waliokota yale mawe ya foleni. Walimvuta kwa miguu mpaka barabarani. Jiwe la kwanza lilimpata mgongoni. Alijaribu kuinuka, akasema kitu, mtu akampiga teke la mdomo. Wakaja wengine, wanawake na vikapu vyao, mzee mmoja na fimbo ya kutembelea, watu waliosubiri toka asubuhi kwa ajili ya kilo mbili za unga, na kila mmoja alitaka apige lake. Sauti ya jiwe kwenye mwili haifanani na kitu kingine. Nilisimama kwenye kizingiti na mchi wangu na, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilikuwa nasema, "Mpigeni. Mpigeni huyo."

Bi Salha alitokea uani. Alikuwa anapasua nazi, panga liko mkononi. Alitazama barabarani, kisha akatazama sakafu ya ukumbi pale alipoanguka yule mtu. Palikuwa na kamba mpya, misumari, na jiwe lililotobolewa tundu. Mie sikuviona. Yeye aliviona.

Alikimbia. Sijawahi kumwona akikimbia, kabla wala baada. Aliwapasua watu kwa viwiko, akasimama juu ya yule aliyelala, mguu huku mguu huku, akainua panga kwa mikono miwili.

"Atakayeinua jiwe namkata! Wallahi namkata! Huyu ni mpangaji wangu! Huyu ni Lukas!"

"Toka wewe bibi, mwizi huyo!"

"Mniue mie kwanza! Siku ile mlango niliuacha mie! Mie, si yeye! Nilisahau, nikaona aibu, nikamwachia yeye lawama! Mnapiga mtu wa watu, nipigeni mie!"

Watu wakarudi nyuma, si kwa maneno, kwa panga. Lakini mie nilisikia maneno. Mume wangu alifika, ameitwa na kelele, akajilaza juu ya Lukas kama unavyofunika moto kwa blanketi, na jiwe moja lililochelewa likampata yeye begani. Mmoja mmoja wakarudi kwenye foleni. Wengine waligombana, kila mtu anadai nafasi yake, kwa sababu mawe yalikuwa yametumika.

Lukas alivunjika taya na mbavu, na jicho la kushoto halikuokoka. Sasa nikawa mie niliyekaa kwenye benchi nikisubiri habari za mtu mwingine. Nilijifunza kitu: benchi la mgonjwa ni rahisi kuliko benchi la aliyeumiza. Bi Salha alikaa pembeni yangu, shungi limelowa.

"Nilikuwa nimeshafika nusu ya njia," akasema alasiri, "nikakumbuka sikufunga. Nikasema nikirudi napoteza nafasi. Nilisema hivyo, mwanangu. Kwa ajili ya sabuni."

Nilimsikiliza. Nilitegemea hasira ije, na ingekuja ningemng'oa meno pale pale mbele ya manesi. Haikuja. Nilikuwa na mchi wangu kichwani, na Rehema, na Lukas. Sikuwa na mkono uliobaki wa kumpigia.

"Na siku hizi," akaendelea, sauti imepungua, "nasahau mengi kuliko siku ile. Jana nilitafuta ufunguo nimeuvaa shingoni. Nilikuwa nakupigia kelele wewe ili watu wasinitazame mie."

Lukas alilishwa uji kwa mrija wiki nne. Nilikuwa nampelekea kila siku, nakaa mlangoni mwa wodi, nesi anampa. Siku Lukas alipokubali niingie nilipiga magoti. Taya lilikuwa limefungwa waya, akasema kwa meno yaliyofumba, "Inuka, Mama Rehema. Mie sijui bado kama nimekusamehe. Ukipiga magoti unaniharakisha." Nikainuka. Mpaka leo hajasema amenisamehe, na sijamuuliza tena. Alirudi chumbani kwake, kazi ya kubeba mizigo hakuiweza, mume wangu akampa tupa na msasa, akawa anang'arisha vinyago kibandani.

Mlango ulifungwaje basi? Nitakwambia kilichotusaidia. Kwanza, tulikubali kwamba nyumba ina wasahaulifu wawili, si mmoja, na waliobaki wote wanachoka. Hakuna kumcheka mtu wala kusema neno *tena*. Pili, mume wangu alichonga kobe wa mpingo, mzito, mkubwa kama vichwa viwili vya mtoto, akamtoboa tumboni, akaufunga ufunguo wa mlango humo. Huwezi kumtia mfukoni, huwezi kumfunga kwenye ncha ya kanga. Anayetoka wa mwisho lazima ambebe kwapani njia nzima, na watu wa sokoni wanamcheka. Mtu hasahau kitu kinachomvunja mkono. Tatu, na hili ndilo lenye nguvu: anayefunga aseme kwa sauti, "Nimefunga," na aliyeko ndani ajibu, "Nimesikia." Ukiwa peke yako, weka kiganja kwenye ubao, useme mwenyewe, usikie sauti yako. Kiganja changu kilikumbuka kabla ya kichwa changu. Na lile jiwe la Lukas? Alilimalizia mwenyewe aliporudi, kwa jicho moja. Kamba inapita juu ya kipande cha gurudumu, jiwe linashuka, mlango unajivuta. Alilitundika bila kuniambia kitu.

Herufi zilirudi polepole. Nilianza upya darasa la jioni, mwalimu akaniweka benchi la mbele. Mie ni wa kwanza darasani kujifunza "a" mara mbili.

Kopo la nane, upepo wa kipupwe unavuma, mume wangu alirudi Ijumaa na Rehema. Mkono ulikuwa umepona, umepinda kidogo juu ya kiwiko. Alinisalimia kwa mbali. Usiku alilala kwa Bi Salha, na wiki nzima ikawa hivyo. Sikulazimisha.

Wiki ya pili alikuwa anaosha vyombo. Ile bilauri ya kioo, pekee tuliyokuwa nayo, ya harusi yetu, ikamponyoka ikapasuka sakafuni. Kabla sijageuka alishainua mikono yote miwili juu ya kichwa chake, amejikunja ukutani, macho amefumba.

Na ilikuja. Siwezi kukudanganya. Ilipanda toka tumboni mpaka kwenye lile shimo juu ya sikio, moto, na mikono yangu ikawa si yangu. Tofauti ilikuwa moja tu: safari hii niliiona inakuja.

Nikasema, "Rehema. Toka nje mwanangu. Nenda kwa Bi Salha, mwambie afunge mlango wake. Nenda sasa hivi."

Akatoka anakimbia. Nikasikia komeo la Bi Salha likiingia. Nilibaki chumbani, nikashika ukingo wa kitanda, nikatetemeka, nikautukana ukuta matusi ambayo sikujua nayajua. Jasho lilinilowesha. Sijui ilichukua muda gani. Kivuli cha dirisha kilikuwa kimehama toka kwenye mkeka mpaka ukutani nilipoweza kufungua vidole.

Nikamwita. Nikamwita tena. Nikasikia komeo, kisha miguu yake ukumbini, ikasimama mbali na kizingiti.

"Imepita?" akauliza.

"Imepita."

Akachungulia. Aliangalia mikono yangu kwanza, halafu uso. Kisha akaingia, akachuchumaa upande wake, na mie nikachuchumaa wangu, tukaanza kuokota vioo.